Chausiku kazaa 9!

Jamani, alfajiri ya leo hapa Pasua, Moshi, mbwa wangu Chausiku kazaa watoto 9 na wote wananyonya! Mwaka jana alizaa 2 tu, nikamlaumu bure dume wa jirani. Najua uzao wa kwanza huwa mdogo, lakini na mimi nilimpandisha mara moja tu, siku ya 8 tangu aanze kutoa damu. Mapema mno.

Safari hii mzee mmoja wa Kiboriloni, mfugaji wa siku nyingi, aliniambia nisihesabu siku tu, nimtazame mbwa mwenyewe. Siku ya 12 damu ikapauka, ikawa kama maji yaliyooshewa nyama. Nilipomgusa kiunoni akasimama tuli, mkia kaupeleka pembeni. Nikampeleka kwa dume, nikaruka siku moja, nikampeleka tena. Daktari wa mifugo alinieleza kuwa mayai ya mbwa yakishatoka huchukua kama siku 2 kukomaa, na mbegu za dume huishi tumboni siku kadhaa zikiyasubiri. Ndiyo maana kupandwa mara mbili kunasaidia.

Wa mwisho ni kadogo, keusi tii. Nakashikilia kwenye chuchu ya nyuma, kwenye maziwa mengi.