Tano ya Mbegu, Tano ya Maradhi

Mabunda ya mashina ya muhogo yalikuwa yameshafungwa kwenda Pemba pale Daktari wa maradhi ya mimea alipouliza aina nambari 14 imechaguliwa na nani.

Ilichaguliwa na jaduali langu. Jana yake tulivuna jaribio la miezi 12 katikati ya Unguja, na usiku nikaunganisha fomu za wenzangu wawili. Mtafiti wa mbegu hupima mmea kwa alama 1 hadi 5, na 5 kwake ndiyo bora. Daktari naye hutumia 1 hadi 5, ila 1 kwake ni kiazi kizima, na 5 ni kiazi kilichooza zaidi ya robo. Nambari 14 ilikuwa na 5 mbili. Nikazijumlisha.

"Daktari, majani yake nimeyatazama juzi, hayana doa," alisema mwenzetu wa mbegu.

"Maalim, majani gani? Ya chini yameshapukutika."

Hapo ndipo penye mtego wa michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi unaoozesha viazi vya muhogo. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, hukunja majani machanga ya juu, kila apitaye huliona. Michirizi hukaa kwenye majani yaliyokomaa, na yakishaanguka mti huonekana mzima. Daktari akachukua viazi vitano, akavikata kimkato vipande vya upana wa vidole viwili. Kipande cha kwanza cheupe, cha pili cheupe, cha tatu kina baka la kahawia, kavu, gumu. Ukikata mara moja tu katikati unaweza kulikosa. Maalim akamwomba kisu, akaendelea mwenyewe.

Kisha akaleta mizani. Uzito wake wa jana ulihesabu vibovu na vizima pamoja. Tukapima upya, fungu la kuliwa mbali. Naye akamweleza Daktari jambo ambalo fomu ya maradhi haikuwahi kuliuliza: wakulima wengi huwahi kuchimba kabla uozo haujaenea. Kwa hiyo wakakubaliana jaribio lijalo lichimbwe nusu muhogo ukiwa na miezi 9, nusu ukiwa na miezi 12, na majani wayakague pamoja ukiwa na miezi 3 na miezi 6.

Kuhusu mabunda hapakuwa na mjadala. Inzi weupe wanaoueneza hawaufikishi ugonjwa huu mbali. Pingili iliyoambukizwa huuvusha bahari. Tukayachoma alasiri ile ile. Juu ya kila safu ya jaduali nikaandika kwa maneno: 1 maana yake nini, 5 maana yake nini, na nani kaitoa.