Siku moja maishani mwangu: kati ya kitalu, msitu wa Amani na ukingo wa Zigi

Saa 11 alfajiri

Huku kwetu Usambara Mashariki, juu ya Muheza, matone huamka kabla ya jogoo. Mvua haijanyesha. Ni ukungu uliopanda usiku kutoka upande wa bahari, ukanasa kwenye majani ya miti mirefu, na sasa unadondoka tone kwa tone hadi chini. Utotoni nilidhani miti yote duniani hutoa maji namna hii. Nilipokwenda kukaa kwa shangazi Tanga mjini ndipo nilipojua sivyo. Huko huko nikajua pia kwamba maji ya bombani kwake yanatoka kwetu: vijito vya milima hii huingia Mto Zigi, mto ukateremka hadi bwawa la Mabayani, na jiji likanywa.

Nabandika chai, natia iliki mbili. Hiyo iliki ina maneno yake, nitayafikia.

Saa 12 na nusu

Kitaluni. Binti yangu anamwagilia kabla ya kwenda shule, mimi najaza udongo kwenye viriba. Mdalasini, karafuu na pilipili manga ndiyo miche inayoulizwa zaidi. Pembeni nina msambu, mti wetu wa asili ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Unataka subira, maana mbegu hukaa ardhini miezi mingi bila dalili yoyote. Leo nimekuta mitatu imetoa kichwa. Nimemwita binti aje aone, akachelewa shule kwa sababu yangu.

Saa 3 asubuhi

Doria ya Kamati ya Maliasili ya kijiji. Tuko wanne: vijana wawili, bwana misitu na mimi. Tunaufuata mpaka wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, kisha tunaingia ndani.

Mgeni akiingia hapa ataona kijani tu. Sisi tunaangalia ni kijani cha nani. Mhesi, kwa mfano, si mti wa milima hii. Uliletwa zamani enzi za Wajerumani, na baadaye ukapandwa kwa wingi palipokatwa mbao. Unakua haraka, unapenda penye uwazi, na hondohondo wanapenda mno matunda yake. Ndege wetu wenyewe ndio wanaobeba mbegu na kuzidondosha kila mahali. Kwa hiyo gogo moja likiibiwa, hasara si gogo peke yake: pale mwanga ulipopenya, anayeinuka kwanza mara nyingi ni mhesi, na mche wa asili unabanwa chini. Tunang'oa midogo tunapoikuta. Leo nimeacha kuhesabu baada ya arobaini.

Kwenye mwamba karibu na kijito nasimama kidogo, kama kawaida yangu. Yapo maua madogo ya zambarau yameshikilia jiwe lenye kivuli. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alichukua mimea ya jamii hii, inayoitwa Saintpaulia kwa jina lake, hapa Tanga akaipeleka kwao, na leo uzao wake unauzwa kwenye vyungu duniani kote. Wazazi wake wa porini bado wanategemea kivuli cha mti mmoja au miwili. Mti ukianguka, jua linalipiga jiwe, na ua linakauka.

Tumekuta tanzi tatu za paa. Tumezikata. Mbega walikuwa juu yetu muda wote, kimya.

Saa 7 mchana

Ugali na kisamvu, kisha navipitia vizimba vya vipepeo nyuma ya nyumba. Vimebaki viwili, na nyavu zimetoboka. Zamani pupa zetu, yaani viwavi waliojifunga kabla ya kuwa vipepeo, zilisafirishwa hadi kwenye maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani, na kwa fedha hiyo nimelipa ada. Katazo la kusafirisha wanyama hai nje ya nchi lilipotoka mwaka 2016, vipepeo nao walihesabiwa humo. Nilichokipenda katika kazi ile ni kwamba ilimfanya mtu aulinde msitu bila kuhubiriwa, maana kila aina ya kiwavi ina jani lake, na majani hayo yanatoka msituni.

Saa 9 alasiri

Kazi ngumu ya leo ndiyo hii. Kuna mzee analima magimbi hadi kwenye maji kabisa. Mvua ikinyesha, udongo wake unaingia kijitoni na maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunifukuza?"

"La, babu. Nimekuja tuzungumze."

Nikamweleza kuhusu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na mita 60 kutoka ukingoni zisizoruhusiwa kulimwa. Akanyamaza, kisha akanionyesha kwa fimbo. "Zipime hizo mita 60. Zitapita sebuleni kwangu."

Ni kweli, zinapita. Sikuwa na jibu la kisheria, nikakaa kwenye jiwe kando yake.

Nilimkumbuka mama. Alikuwa na iliki Derema, huku huku milimani, chini ya kivuli cha msitu. Kwa mbali shamba la iliki huonekana kama msitu mzima, kumbe kila palizi inaondoka na miche ya miti, miti mizee inabaki bila watoto. Miaka ikipita iliki inapungua, mkulima anafyeka mbele zaidi. Mashamba yale yalipochukuliwa ili vipande vya msitu viungane, mama alipata fidia. Fedha iliisha. Msitu ule ulistahili kuungana, nasema hivyo hadi leo, lakini mama naye alistahili kuulizwa mwaka unaofuata atavuna nini.

Basi nikamwomba mzee jambo dogo: hatua kumi za mwanzo kutoka majini aachie mikuyu, juu yake tuchimbe makinga maji na kupanda majani ya gwatemala, magimbi yapande juu, na katikati tuweke mdalasini.

"Mdalasini nitaubandua lini?"

"Miaka mitatu, babu."

"Na miaka mitatu nile nini?"

Wakulima wa bonde la mito ya Kihuhwi na Zigi tuna umoja wetu, UWAMAKIZI, na mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira, kwa ajili ya maji ya jiji. Natamani hesabu za fedha za maji ziwe na mstari wa huyu mzee na miaka yake mitatu. Nimemwahidi kulipeleka swali lake kikaoni Jumamosi, kwa maneno yake hayo hayo.

Saa 2 usiku

Mjukuu wa mzee amekuja na tochi. Babu anasema hatua kumi ni nyingi, atatoa sita, na anataka miche ishirini ya mdalasini. Nimeitenga chini ya mwembe. Manyunyu yameanza, natoka kuvifunika viriba vya msambu.