Seva ya barua pepe hapa Kirumba: saa iliyolala na umeme

Mwezi uliopita nilifungua kumbukumbu za seva yangu, ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 iliyo juu ya kabati, nikakuta mtu amebisha mlango 587, ule wa kutuma barua, usiku kucha. Alijaribu akaunti za info, admin, kisha majina ya watu. Fail2ban, programu inayozuia anwani zinazokosea mara nyingi, ilimfungia, akarudi na anwani nyingine. Nenosiri la Shangazi, anayetumia seva hii, lilikuwa jina la mjukuu wake na mwaka wa kuzaliwa, na kwenye barua pepe yake ndimo zinamopita oda zake za dagaa wa soko la Mwaloni. Sikulala.

Kazi za mwanzo zilikwenda haraka. Mlango 143 wa kusomea barua bila usimbaji nimeufunga, nimebakiza 993 uliosimbwa. Postfix, programu inayotuma barua, haipokei nenosiri kabla TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano, haijaanza, na Dovecot, inayotunza masanduku ya barua, inahifadhi manenosiri kwa Argon2id, njia inayoyafanya yawe magumu kukisiwa. Roundcube, ukurasa wa kusomea barua kwenye kivinjari, sasa inadai pia namba za tarakimu 6 kutoka kwenye simu. Programu za barua za simu zenyewe hazina pa kuziandika namba hizo, kwa hiyo kila kifaa nimekipa nenosiri lake refu. Simu ikiibwa, nafuta la simu hiyo tu. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Jumamosi umeme ukakatika kwa saa 4 nzima. Uliporudi, Shangazi akaniita: "Mwanangu, namba zinakataa!" Alikuwa ameziandika sawasawa, mara tatu.

Namba hizo hupigiwa hesabu kutokana na siri iliyo pande zote mbili, kwenye simu na kwenye seva, pamoja na muda, na hubadilika kila sekunde 30. Saa zikipishana, hata mwenye akaunti hukataliwa. Pi 4 haina saa yenye betri: ikiwaka huendelea na muda wa mwisho iliouandika, mpaka iupate ulio sahihi kwenye intaneti. Siku hiyo Wi-Fi ya nyumbani ilirudi mapema, intaneti ikachelewa. Seva ilikuwa bado inaishi mchana ule umeme ulipokatika.

Nimefunga DS3231, kisaa kidogo chenye betri ya CR2032, ambacho kwa mwaka hupotea kama dakika 1 tu. Jana nilichomoa waya wa umeme makusudi, nikaitenga Pi na intaneti, nikaiwasha baada ya saa 2. Shangazi akaingia kwa jaribio la kwanza.

Zimebaki namba za akiba, za siku simu itakapopotea. Nitamchapishia karatasi moja. Ameshachagua pa kuiweka: sanduku la vitenge, ambalo ufunguo wake hutembea nao.