Chini ya wikio

Leo jioni nimetoka mjini Lamu kwenda kijiji cha Shela kwa miguu na binti yangu, njia ya pwani, maji yakiwa yamekupwa. Harusi yake ni baada ya Ramadhani na bado hatujapata nyumba. Tumetazama vyumba Langoni, tumetazama Kandahari. Kimoja bati limetoboka, kingine mwenyewe anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo.

Lamu nyumba ni ya mtoto wa kike. Baba akiozesha, humpa bintiye nyumba. Asiye na kiwanja huongeza ghorofa juu ya yake, au hujenga ng'ambo ya kichochoro na kuziunganisha nyumba mbili kwa wikio, chumba kinachopita juu ya njia. Mama na mama mkubwa waliishi hivyo, huko Shela. Asubuhi sahani ya mahamri ilivuka wikioni, usiku akavuka mtoto mwenye homa, na hakuna aliyehitaji kuvaa buibui.

Mama alipofariki, warithi tulikuwa tisa. Boriti za mkoko zilishaliwa na mchwa, chokaa inabanduka, na hela ya fundi hakuna. Akaja mnunuzi kutoka Ulaya. Sisemi alitudhulumu, bei aliyotaja hatukuwahi kuisikia. Lakini majirani nao walikuwa wanauza, na kila nyumba iliyouzwa iliipandisha bei ya inayofuata. Fungu langu la mirathi, nusu ya la kaka zangu, lisingenunua hata ua wa nyumba Shela. Likaishia kwenye karo na hospitali. Sahihi niliiweka kwa mkono wangu, na hadi leo inaniuma.

UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na Shela nako wanunuzi wamezitengeneza nyumba vizuri: chokaa mpya, zidaka za ukutani zimerudishwa. Nyingi hufungwa sehemu kubwa ya mwaka, anabaki mlinzi peke yake.

Nyumba ya mama mkubwa ilichukuliwa na mnunuzi mwingine. Mpwa wangu anayepika humo ameniambia mlango wa wikioni umezibwa kwa matofali, ukapakwa chokaa, pakatundikwa kioo kikubwa.

Binti yangu alisimama chini ya wikio, akatazama juu.

"Mlango ulikuwa upande gani, mama?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Kutoka njiani huoni kitu ila boriti, nane, nilizokuwa nikizihesabu nikirudi chuoni.

Kesho tunatazama chumba kingine, Wiyoni.