Mgeni wa chini ya taa: siku moja na malkia asiye na jina

Saa 12:30 asubuhi

Mvua ya jana ilikatika karibu saa tatu usiku, na asubuhi hii chini ya kila taa ya nje mtaani kwetu pamejaa mabawa. Mengi ni ya kumbikumbi. Mimi natafuta yale machache ya sisimizi, ambayo ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma, kwa kuwa masika hapa Morogoro ni majira ya arusi zao. Dume na malkia huruka, dume hufa, na malkia hushuka chini, huvunja mabawa na kutafuta mahali pa kujifungia.

Mimi ni fundi wa maabara ya wadudu. Nashinda na pini, lebo na hadubini. Leo natembea haraka kwa sababu mlinzi wetu wa zamu ya usiku amenitumia ujumbe: "Nimempata mkubwa."

Saa 1:15

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mgeni wako huyu hapa."

Ananipa kichupa cha dawa ya kikohozi, kimeoshwa, kifuniko kimetobolewa kwa sindano. Ndani kuna malkia mwenye kifua kipana, anayezunguka ukutani mwa kichupa.

"Alikuwa na mabawa?"

"Lilibaki moja. Akalisukuma kwa mguu wa nyuma mpaka likang'oka. Nilikuwa namwangalia."

Namwomba arudie ili niandike vizuri. Malkia aliyepoteza mabawa bila kupandwa yupo pia, kwa hiyo bawa lililong'oka si hakikisho kwamba atataga mayai yatakayotoa wafanyakazi. Hata hivyo kuona lilivyotoka, saa ngapi na mahali gani, ni jambo ambalo hadubini haitaniambia kamwe.

Saa 2:00

Lebo kwanza, kabla ya chai. Mahali, kimo, tarehe, saa, ukuta wa veranda chini ya taa, baada ya mvua, jina la aliyemkusanya, namba ya kibali chetu. Penseli tu. Mwaka wangu wa kwanza niliandika lebo kumi na nne kwa kalamu ya kawaida na kuzitumbukiza kwenye ethanoli pamoja na sisimizi. Kufikia Jumatatu ethanoli ilikuwa ya bluu na karatasi zimebaki nyeupe. Sisimizi wale wapo kabatini hadi leo, miguu yote sita, na hakuna ajuaye walikotoka. Bado inaniuma.

Saa 3:00

Malkia anakaa dakika tano kwenye friji ili atulie, halafu namweka kwenye kisahani juu ya barafu, chini ya hadubini. Nina dakika chache kabla joto la taa halijamwamsha.

Naanza na kiuno. Kifundo ni kimoja, chembamba, kimesimama kama kigamba. Angekuwa na viwili ningeenda njia nyingine kabisa. Mei 2025 mahakama nchini Kenya iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kuhusika na malkia wa sisimizi waliokuwa wakitoroshwa nje ya nchi. Wengi wao walikuwa Messor cephalotes, mvunaji wa mbegu, na huyo ana vifundo viwili. Kesi ya namna hiyo inahitaji mtu wa kuketi hivi na kusema aliyemo kwenye kichupa ni nani.

Nahamia ncha ya tumbo. Hakuna mwiba. Kuna tundu la mviringo lililozungukwa na nywele, linalorusha asidi. Naja kwenye uso: vipapasio vimechomoza mbali na ukingo wa bamba lililo juu ya taya, si kwenye ukingo wenyewe. Mwisho, juu ya nyonga ya mguu wa nyuma, pale ambapo sisimizi wengi wana tundu la tezi, huyu hana kitu.

Ni Camponotus, sisimizi seremala. Jenasi hii ilipewa jina na Gustav Mayr mwaka 1861, na leo ina spishi zaidi ya 1,000. Hilo jina la useremala, kwa maoni yangu, linawafaa zaidi ndugu zao wa Ulaya na Marekani wanaochonga vyumba ndani ya miti. Hata hao hawali mbao, hutoboa na kutupa unga nje. Wetu wengi huchimba udongo tu, chini ya jiwe au gogo.

Saa 5:00

Sasa ndipo pagumu. Kichwa ni cha kahawia iliyokoza, kifua chekundu-chekundu, na pembeni mwa tumbo kuna madoa ya njano, mawili kwa kila pingili, kama mtu aliyegusa kwa ncha ya brashi. Mtu yeyote aliyewahi kushika sisimizi wa Afrika atasema papo hapo: maculatus, yaani mwenye madoa. Mtaalamu wa wadudu Fabricius aliandika maelezo ya spishi hiyo mwaka 1782 kutokana na sisimizi wa Sierra Leone, na tangu hapo jina hilo limebebeshwa wanyama wengi wanaofanana kwa rangi.

Kwa hiyo rangi naiweka kando. Natafuta nywele zilizosimama chini ya kichwa, kwenye mashavu na kwenye shina la kipapasio, kisha vijimwiba upande wa ndani wa muundi. Napima upana wa kichwa, milimita 2.7, na urefu, 2.9. Kufikia hapo anaanza kutikisa mguu, nami namrudisha kichupani.

Saa 7:30 mchana

Wali na maharage, upesi.

Saa 8:00

Nafungua kabati la Camponotus. Droo tatu, na karibu wote waliomo ni wafanyakazi. Hapo ndipo shida ilipo. Funguo za utambuzi tunazotumia, yaani maswali ya hatua kwa hatua yanayokufikisha kwenye jina la spishi, zimeandikwa kwa kumtazama mfanyakazi, hasa yule mkubwa mwenye kichwa kipana. Malkia ana kifua kilichojengwa kwa ajili ya misuli ya kuruka na vijicho vitatu utosini, hivyo vipimo vyake havilingani na vya binti zake. Nakuta watatu wanaomkaribia. Wawili kati yao walitambuliwa na mtu mmoja, kwa majina tofauti, na mimi naona nywele zilezile.

Nampigia daktari aliyenifundisha kazi hii na kumtumia picha.

"Unataka nikwambie jina?" ananiuliza.

"Ndiyo, daktari."

"Nionyeshe wafanyakazi."

Alisema hivyohivyo mwaka jana, na ninakubaliana naye kwa moyo wote. Lebo yenye jina la kukisia hunakiliwa kwenye orodha, orodha ikaingia kwenye ramani, na baada ya miaka kumi kuna spishi Morogoro ambayo haijawahi kuwapo.

Saa 10:00 jioni

Ningeweza kumchoma pini leo na kufunga faili. Nachagua kumwacha hai. Namhamishia kwenye neli ya kioo, maji upande mmoja yamezibwa kwa pamba, pamba kavu upande wa pili, kisha droo yenye giza. Hahitaji chakula. Ile misuli ya mabawa ambayo hataitumia tena itayeyuka mwilini na kulisha mabuu wa kwanza. Akitaga vizuri, mwezi mmoja au miwili nitakuwa na wafanyakazi wadogo, na wale wenye vichwa vipana watachukua miezi mingi zaidi.

Kwenye lebo naandika: Camponotus sp., kundi la maculatus, malkia, hai.

Saa 12:15 jioni

Babu ameshaingia zamu. Mawingu yamejikusanya juu ya Uluguru.

"Anaitwaje?"

"Bado, babu. Tunangoja watoto wake."

Anatikisa kichwa taratibu, anauliza kama alikunywa maji, nami namweleza habari ya pamba. Kisha anachukua kichupa kingine, anakipuliza ndani, na kukigeuza kiti chake kielekee taa.