Siku ya Mtakatifu Martha, kibandani kwangu

Saa kumi alfajiri. Nimewasha mkaa na kubandika maharage, na yakianza kutokota nafungua masomo ya siku kwenye simu. Ni Julai 29, kumbukumbu ya Watakatifu Martha, Maria na Lazaro. Kwa mama lishe kama mimi, hii ni sikukuu ya nyumbani kabisa. Zamani tarehe hii kalenda ilimtaja Martha peke yake. Mwaka 2021 Papa Fransisko akaridhia ndugu wote watatu wa Bethania wakumbukwe pamoja. Maria alichelewa kuingia kwa sababu Kanisa la Magharibi kwa muda mrefu halikuwa na hakika kama yeye ndiye Maria Magdalena au ni mwingine. Mimi nimefurahi. Waliompokea Bwana nyumbani kwao walikuwa familia nzima.

Saa kumi na mbili asubuhi, Misa. Binti wa dada yangu amebaki na chai na chapati, maana wateja wa asubuhi hawangoji. Siku hii padre ana Injili mbili za kuchagua: Luka sura ya 10, Martha akihangaika na utumishi huku Maria ameketi miguuni pa Yesu akimsikiliza, au Yohane sura ya 11, Martha kwenye msiba wa ndugu yake Lazaro. Baba Paroko alisoma Yohane, nikashukuru sana.

Naomba nikae hapa kidogo. Ile ya Luka tumezoea kuisikia ikihubiriwa kana kwamba Maria ni mcha Mungu na Martha ni mtu wa masufuria tu, na mimi sikubaliani na mahubiri hayo. Yesu hakumwambia Martha azime moto. Alimwambia, “unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi.” Unaweza kusumbuka hivyo hata ukiwa umepiga magoti mbele ya Sakramenti. Halafu nenda kwa Yohane uone. Lazaro yuko kaburini siku ya nne, watu wamejaa kutoa pole, na habari inafika kwamba Yesu anakuja. Anayetoka kwenda kumlaki ni Martha. Maria amekaa ndani. Na ni Martha huyo huyo anayesema, “Naam, Bwana, mimi nimesadiki ya kwamba wewe ndiwe Kristo, Mwana wa Mungu, yule ajaye ulimwenguni.” Linganisha na maneno ya Petro kule Kaisaria Filipi, alipomkiri Yesu kuwa ndiye Kristo. Ni imani ile ile, ila Martha anaitamka akiwa amefiwa, na kaburi bado halijafunguliwa. Natamani tuihubiri imani hiyo mara nyingi zaidi, hasa kwa wanawake wanaotoka Misa ya asubuhi wakikimbilia jikoni.

Saa moja hadi saa tano ni kazi juu ya kazi: kuchambua mchele, kukuna nazi, kupara samaki, kuosha sahani, kudai wenye madeni daftarini. Nimejizoeza kuchukua mstari mmoja wa Injili na kuurudia huku mikono ikifanya kazi. Leo ni “mimi nimesadiki.” Saa sita kamili tunasali Malaika wa Bwana, mimi na binti. Mwuza ndizi wa jirani anaitikia kutoka mezani kwake, “Naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu,” kisha kila mtu anarudi kwenye foleni yake.

Saa nane na nusu, wateja wamepungua, akaja kijana mmoja wa bodaboda. Alikuwa hajaonekana tangu amzike kaka yake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Pole sana.”

Nikampakulia wali maharage, nikaongeza kipande cha samaki. Akawa anaukoroga tu kwa kijiko. Mara akasema, “Mama, tulisali sana kule hospitali. Mungu alikuwa wapi?”

Sikuwa na jibu, na sikutaka kumpa la kubuni. Nikafungua simu pale nilipoishia asubuhi, nikampa asome mwenyewe: “Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa.” Akasoma, akarudia. Akaniuliza kama kweli hayo yameandikwa kwenye Biblia. Nikamwambia ni maneno ya mtakatifu tunayemkumbuka leo. Alimwambia Yesu usoni, na Yesu hakumkemea. Akaendelea kuongea naye, na baadaye akalia machozi. Kijana akala nusu sahani. Pesa yake nilikataa.

Saa kumi na moja na nusu, Jumuiya, yaani kikundi chetu cha Wakatoliki majirani tunaosali pamoja nyumbani kwa nyumbani. Leo tulikuwa nyumbani kwa mzee wetu wa kanda, na tulitumia zile hatua saba za kushirikishana Injili zilizotoka Taasisi ya Lumko ya Kanisa Katoliki, Afrika Kusini. Hatua ya tatu ndiyo naipenda kuliko zote: kila mmoja anataja neno au sentensi iliyomgusa, anairudia taratibu, na hakuna anayehubiri. Bibi mmoja mjane alitaja “ndugu yangu hangalikufa” mara tatu, sauti ikimkatika. Tukanyamaza naye. Hatua ya sita ni ya kazi, na hapo nikamtaja kijana wangu. Ingawa yeye ni wa parokia ya jirani, hakuna aliyesema si wetu. Mwenyekiti akapanga watu wanne wa kwenda kumwona mama yake Ijumaa jioni, tukachanga hapo hapo, na katibu akaandika jina la marehemu kwa ajili ya nia ya Misa ya Jumamosi. Chakula cha kupeleka msibani nimeachiwa mimi: wali, maharage, na mchicha kwa sababu mama yule hali nyama. Kijana nimeshampigia. Amesema atakuja na pikipiki saa kumi kubeba masufuria.