Mahindi ya Miezi Minane: Kumbukumbu ya Akiba ya Nyumbani, Mwaka wa Kwanza

Juni 2022, Kihonda, Morogoro

Naanza kuandika kumbukumbu hii kwa sababu mwezi uliopita bei ya petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita, nauli zikapanda, na kila kinachofika sokoni kwa gari kikapanda pamoja nazo. Nyumbani kwetu tuko sita: mume wangu, mama mkwe, watoto watatu na mimi. Mshahara haujaongezeka. Kwa siku 30 nimeandika katika daftari kila shilingi iliyotoka, hata ya vocha na ya kashata, nikijua kwamba bila kufanya hivyo ningeendelea kulaumu ada za shule. Daftari limeonyesha jambo jingine kabisa: zaidi ya nusu ya fedha zetu huishia katika unga, mchele, maharage, mafuta ya kula na mkaa, na karibu vyote tunavinunua kwa kipimo kidogo, siku kwa siku, kwa bei ya juu kuliko zote.

Nimevunja pia kibubu nilichokuwa nakijaza tangu Januari. Kilikuwa na shilingi 186,000, nami nilizihesabu kwa furaha hadi nilipopiga hesabu ya mafuta ya kula na sabuni ambayo fedha hiyohiyo ingeninunulia mwezi Januari. Fedha ilikuwa salama ndani ya kibubu, lakini thamani yake ilikuwa ikipungua kila wiki. Hapo ndipo nilipoamua kwamba akiba yetu ya kwanza itakuwa chakula, na kwamba fedha taslimu tutabaki nazo kwa ajili ya ugonjwa na safari za dharura tu.

Mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, baada ya vita vya Kagera tuliambiwa tufunge mkanda kwa miezi kumi na minane. Tuliufunga kwa miaka. Aliyekuwa na mtama ndani hakupanga foleni ya unga wa njano." Sijasikia sababu bora zaidi ya kuanza.

Julai 2022

Nimekopa shilingi 150,000 kutoka katika VICOBA yetu. Sipendi kukopa kwa ajili ya chakula, lakini huu si mkopo wa kununua cha kula leo jioni. Ni wa kununua wakati wa mavuno, wakati mkulima na mnunuzi wote wana nafasi ya kupumua. Kikundi chetu kina wanachama 28, tunanunua hisa kila Jumamosi, na sanduku lina kufuli tatu ambazo funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, kwa hiyo haliwezi kufunguliwa bila wote kuwepo. Marejesho yangu ni ya miezi mitatu.

Nilifika mwenyewe katika soko la mahindi la Kibaigwa, ambako magunia hupangwa kama kuta na bei hubadilika kati ya asubuhi na mchana. Nilinunua gunia tatu za kilo 100 kwa shilingi 78,000 kila moja. Usafiri ulikuwa shilingi 5,000 kwa gunia, na mifuko mitatu ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa iligharimu shilingi 15,000. Jumla ni shilingi 264,000, yaani shilingi 880 kwa kilo ikiwa imefika mlangoni.

Mifuko hiyo ndiyo kiini cha mradi wote, na nina sababu ya kusema hivyo. Mwaka 2021 nilihifadhi gunia mbili katika viroba vya kawaida, na kufikia Novemba nilikuta chini yake rundo la vumbi jeupe, punje zikiwa zimetobolewa hadi zimebaki maganda. Alikuwa dumuzi, mdudu mdogo mweusi ambaye wakulima wengi humwita skania, aliyeingia Tanzania kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na tangu hapo hajaondoka. Mfuko usiopitisha hewa una tabaka mbili za nailoni ngumu ndani na moja la nje lililofumwa. Wadudu waliomo huimaliza hewa, wakaacha kula, wakafa, bila tone la dawa. Kwa chakula ambacho watoto wangu watakula kwa miezi minane, hilo la kutotumia dawa lina uzito mkubwa kwangu.

Sharti lake ni mahindi kuwa makavu. Kwa kuwa sina kipima unyevu, nilifuata njia ya chumvi ambayo afisa ugani alitufundisha. Nilichukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, nikajaza mahindi hadi theluthi moja, nikaongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, nikafunga na kutikisa kwa dakika moja, kisha nikaiweka mezani kwa robo saa. Katika gunia mbili za kwanza chumvi yote ilitulia chini, ukuta wa chupa ukabaki safi. Katika gunia la tatu chembe zilinata kwenye kioo kama umande. Tulilimwaga gunia hilo juu ya turubai na kulianika siku tatu, tukiligeuza kwa reki kila saa, hadi chupa ikawa safi.

Septemba 2022

Mifuko imepangwa juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta. Hatujaifungua.

Mwezi huu nimeshughulikia mkaa. Maharage ndiyo yaliyokuwa yakiumaliza, kwa sababu yalikaa jikoni zaidi ya saa mbili na nusu. Mama mkwe ameshona mito miwili ya sufi, mmoja wa kukalisha sufuria na mwingine wa kuifunika, tukaipanga ndani ya kapu kubwa la ukindu. Maharage yanalowekwa usiku kucha, maji ya kulowekea yanamwagwa, yanachemshwa kwa nguvu dakika 20, kisha sufuria inaingia kapuni saa mbili asubuhi ikiwa bado inatokota na mfuniko umekazwa. Saa saba mchana yanakuwa yameiva, yamebaki kuungwa tu. Kule kuchemka mwanzoni si kwa kufupishwa, maana maharage mekundu yana sumu isiyoondolewa na joto la wastani, na kapu peke yake haliwezi kuiondoa. Lazima pia kila mtu akatazwe kufunua, jambo lililotugharimu sufuria mbili za maharage magumu kabla watoto hawajaelewa. Gunia la mkaa lililokuwa likitutosha wiki tano sasa linafika wiki saba.

Kuhusu umeme sina mengi: tunapiga pasi mara moja kwa wiki badala ya kila asubuhi, na tofauti inaonekana kwenye LUKU.

Desemba 2022

Deni la VICOBA lilikwisha Oktoba. Tulifungua mfuko wa kwanza tarehe 12 Novemba. Mahindi yalitoka yakiwa na harufu ya shambani, bila vumbi, na wadudu wachache tuliowaona walikuwa wamekauka.

Mabadiliko magumu zaidi yamekuwa ya mezani. Tulizoea sembe. Debe moja la mahindi, takriban kilo 18, likikobolewa hutupatia karibu kilo 13 za unga mweupe, na zinazobaki ni pumba. Likisagwa dona, karibu lote hurudi nyumbani. Mtoto wa pili alikataa kwa siku nne. Mama mkwe alianza kuichekecha dona kwa chekeche laini na kuipika kwa moto mdogo kwa muda mrefu zaidi, na upinzani ukaisha. Tunasaga debe moja tu kwa wakati, kwa sababu kiini cha punje kina mafuta, na unga wa dona ukikaa muda mrefu huwa mchungu.

Machi 2023

Mwezi huu ndio niliokuwa nikiusubiri na kuuogopa. Sembe mtaani imefika shilingi 1,900 kwa kilo, na gunia la mahindi linatajwa kuwa shilingi 120,000. Kilo ya dona yetu, pamoja na shilingi 100 za kusaga, imetugharimu shilingi 980. Tunatumia kilo 36 kwa mwezi. Kwa hiyo Machi peke yake imetubakizia zaidi ya shilingi 33,000, nazo zimekwenda kulipa sare na viatu vya shule bila kukopa.

Lakini panya alitoboa mfuko wa tatu. Nilikuwa nimeegemeza jembe ukutani, mpini ukagusa mfuko, naye akapandia hapo. Tundu lilikuwa dogo kuliko kitufe cha shati, hata hivyo hewa iliingia, na nilipolikuta vumbi lilikuwa limeanza. Tumepoteza kama nusu debe. Tumeanika yaliyobaki, tumeyachekecha, na tunayala sasa, kabla ya kumaliza mfuko wa pili. Kuanzia leo hakuna chombo chochote kitakachosimama ndani ya hatua moja kutoka kwenye chaga.

Julai 2023

Mahindi ya mwisho yalisagwa tarehe 6, miezi minane kasoro siku chache tangu kufungua mfuko wa kwanza. VICOBA ilivunja mzunguko mwezi uliopita na nimegawiwa hisa zangu pamoja na faida. Safari hii sikukopa. Nimenunua gunia nne za mahindi na moja la maharage, kwa bei ya juu kuliko ya mwaka jana, na majirani wawili wamechangia nauli ya gari ili mizigo yetu ije pamoja. Mmoja wao alikuja jana na chupa yake ya kioo na chumvi ndani ya karatasi, akaomba nimwonyeshe.

Mifuko minne imefungwa leo saa kumi jioni. Wa tano, wa maharage, chumvi yake imenata. Uko juani hadi kesho kutwa.